Vijana wa Kihamba na Fedha ya Kahawa



Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka kumi, tumepewa kurasa hizi tuandike habari za kale zenye faida kwa leo. Tungeweza kuandika juu ya maghala na mizani, lakini katika kila Mkutano Mkuu swali moja hurudi: mbona vijana wetu wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane hawaitaki kazi ya shamba, na hali fedha yake wanaitaka? Wazee hujibu upesi kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu. Tumezipekua habari za nyuma, na twaona kuwa jibu hilo halitoshi.

Kahawa ilipandwa na mapadri wa misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, wenyeji wa Mlima waliendelea kuipanda vihambani chini ya migomba, na Bwana Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Moshi, akawatia moyo, ingawa walowezi hawakupendezwa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha KNPA, Bwana Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Baada ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1932, KNCU ikazaliwa mwaka 1933. Hayo kila mwanachama ayajua. Lisilosemwa sana ni nani aliyeichuma kahawa hiyo.

Walioichuma ni akina mama na watoto. Mche hungojewa miaka mitatu au minne ndipo uzae. Mavuno huanza Julai na huweza kufika Desemba, wala matunda hayaivi pamoja. Mti mmoja hupitiwa tena na tena, likichumwa lililo jekundu tu. Siku ile ile matunda humenywa kwa mashine ya mkono, huvundikwa ili utelezi utoke, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja, na mtoto huwekwa hapo aigeuze na kuifunika mvua ikija. Kilo tano au sita za matunda mabivu hutoa kiasi cha kilo moja tu ya kahawa kavu yenye ganda lake la ndani.

Kijana aliyajua hayo yote kwa mikono yake. Asilolijua ni fedha. Siku ya malipo baba alikwenda chamani peke yake, maana jina daftarini lilikuwa lake. Alirudi jioni, na kilichokuwa mfukoni mwake kilikuwa siri yake. Karo ililipwa, bati likanunuliwa, wala hatusemi kuwa akina baba hao waliitapanya mali. Shule nyingi za Mlimani zilijaa watoto kwa sababu ya kahawa. Lakini mtoto aliiona karo ikitoka kwa baba. Hakuiona ikitoka mtini.

Binti alikuwa na bahati nyingine. Wanawake wa Mlima walikuwa na masoko yao tangu kabla ya Wazungu kufika, wakiuza ndizi na kununua magadi na mahitaji mengine. Binti alimfuata mama yake, mkungu kichwani, akaisikia bei ikitajwa na kupunguzwa, akaiona chenji ikihesabiwa, akajua kuwa siku ya mvua wanunuzi huwa haba na kuwa kilicholala sokoni huoza. Kabla ya kufika darasa la nne alikwisha jua tofauti ya mapato na faida. Twathubutu kusema kwamba soko la ndizi lilifundisha fedha kuliko ofisi za ushirika zilivyofundisha, na si sifa kwetu sisi makatibu.

Kuna na jambo la urithi. Kwa desturi ya Wachagga, wana waliotazamiwa zaidi katika urithi wa kihamba ni kifungua mimba na kitinda mimba. Wa katikati alitazamia kutafutiwa mahali pengine, au kujitafutia. Basi kijana huyo alichuma kahawa ya miti asiyoijua hesabu yake leo, na ambayo kesho isingekuwa yake. Akikimbilia mjini, je, tumwite mvivu?

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi wetu twalikumbuka kwa ajili ya mashamba ya shule tu. Lakini Mwalimu hakutaka jembe peke yake. Alitaka wanafunzi washiriki kuipanga kazi, waijue hesabu ya shamba, na wawe na sauti katika kuamua mapato yatumiwe vipi, hata wakilima vizuri wale vizuri, na wakilima vibaya waione hasara wenyewe. Shuleni kwingi lililobaki ni jembe. Daftari likafungiwa ofisini. Kulima kukawa adhabu ya aliyechelewa kengele. Mtoto aliyefundishwa kwamba shamba ni adhabu hawezi kulipenda kwa kuhubiriwa.

Hata baba zetu walinyimwa hesabu wakati fulani. Baridi kali iliiharibu kahawa ya Brazil Julai 1975, bei ya dunia ikapanda mno. Na katika kipindi hicho hicho, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika nchini vikavunjwa na kazi yao kupewa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ndiyo iliyofungua njia ya kuvirudisha. Kisha Julai 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa yakavunjika, bei ikaanguka, na kufika mwaka 2001 ilikuwa chini sana.

Sisi tulio katika miaka ya thelathini tulikuwa watoto wakati huo. Tulichuma, tukaosha, tukaanika kama kawaida, kisha tukamwona mzee akirudi na fedha kidogo na uso uliofungwa. Hakusema neno, nasi hatukuuliza. Tulikata shauri wenyewe kwamba kazi ya mikono haina malipo. Jirani aling'oa mibuni akapanda nyanya. Lau mtu angetuketisha akatueleza kwamba bei hupangwa na mavuno ya Brazil na masoko ya ng'ambo, na kuwa kilo ileile huweza kuleta zaidi ikichambuliwa vema, huenda wenzetu wengi wangalikuwamo leo katika daftari la wanachama.

Kwa hiyo Halmashauri inaleta hoja mbele ya Mkutano Mkuu: kila kaya iombwe kumtengea kijana wake miti michache, na kila Chama cha Msingi kimpimie na kumwandikia karatasi yake peke yake, fedha ikipitia kwa mzazi. Kazi iwe nyepesi, baada ya masomo. Sheria ya kazi ya 2004 hairuhusu aliye chini ya miaka kumi na minne kuajiriwa, na anayezidi umri huo hapewi kazi ya kumwondoa shuleni.

Mwanachama mmoja alikwisha kujaribu msimu uliopita. Alimpa binti yake wa miaka kumi na mitano miti kumi. Dawa alinunua baba, ikaandikwa kuwa deni. Karatasi ilipokuja, binti aliisoma mstari kwa mstari, akaja ofisini na baba yake, akauliza mbona amekatwa fedha ya gunia zima na kahawa yake haikujaza hata nusu. Karani hakuwa na jibu. Tulipoitazama, binti alikuwa na haki, na katika karatasi za watu wazima tulikuta makato kama hayo, ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Yamerudishwa.

Hoja hii ilipojadiliwa, mzee mmoja mjumbe alisimama akasema, "Katibu, mtoto akishaijua hesabu yake, si ataniuliza na yangu?" Tulimjibu, "Ndiyo, Mzee wetu, ataiuliza." Aliketi bila kusema kama anaunga mkono au anapinga. Kura yake, pamoja na zenu, itahesabiwa siku ya Mkutano.