Mwenembago wa Warumi

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja aliniuliza Faunus wa Warumi tumwite nani kwa Kiswahili. Nilijibu kwa haraka: "Jini mwenye miguu ya mbuzi." Darasa likacheka, somo likaendelea. Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo.

Faunus alikuwa mungu wa misitu na mifugo. Warumi walimjengea hekalu katika kisiwa cha mto Tiber, likawekwa wakfu mwaka 194 K.K. Pembe na miguu ya mbuzi alivipata hasa baada ya kuchanganywa na Pan wa Wayunani. Na hili washairi walisikie: Varro, mwanazuoni wa lugha ya Kilatini, aliandika kuwa Fauni walitabiri yajayo huko msituni kwa beti za arudhi ya kale iliyopewa jina la Saturnus. Kumbe kwa Warumi, shairi lilinenwa porini kabla halijafika mjini.

Turudi kwetu. Kabla Kinondoni na Temeke hazijawa mitaa, nchi hii ilikuwa ya Wazaramo, na misitu yake ilikuwa na wenyewe. Alice Werner, katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu visasili vya Wabantu, anawataja wawili: mwenembago na kinyamkera. Jina la kwanza halihitaji mkalimani mkubwa: mwene ni mwenye, mbago ni msitu. Wa pili hukaa katika mti wenye uwazi, na akionekana ni nusu ya mtu: mguu mmoja, mkono mmoja, jicho moja. Yupo aliyechukua ndizi katika mti wa kinyamkera, nyumba yake ikavurumishiwa mawe.

Tazama nusu hizo. Mrumi alimkata mwenye msitu kiunoni: juu mtu, chini mbuzi. Mzaramo alimpasua wima, tangu utosi hadi unyayo. Lakini naona fikra ni moja: akaaye mpakani mwa shamba na pori hawi mtu kamili, na aingiaye kwake hana budi kubisha hodi.

Leo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeliwa sana na mkaa unaopikia jiji hili. Kinyamkera, kwa wengi, amebaki kuwa kimbunga cha vumbi; mwenembago hata jina lake halisikiki. Nasi tukiulizwa, huwatia wote katika kapu la "jini" na "shetani". Siyalaumu maneno hayo yaliyotujia kwa Kiarabu; ni yetu sasa. Lakini neno linalofuta tofauti halijatafsiri kitu. Mti ukikatwa huenda ukachipua. Jina likisahauliwa, nani atalipanda?

Ningeulizwa tena, ningejibu: Faunus ni mwenembago wa Warumi. Mwanachuo yule hakulipata jibu hili darasani. Nimeliweka hapa, huenda likamfikia.