Wafalme Waliofungwa Shelisheli

Januari 1896 Waingereza waliingia Kumasi, katika Ghana ya leo, bila kurushiwa risasi hata moja. Asantehene Agyeman Prempeh, mfalme wa Waashanti, alikuwa bado kijana. Alimpigia magoti gavana mbele ya watu wake, yeye na mama yake Yaa Akyaa, ili nchi isalimike. Haikusaidia. Gavana alidai wakia 50,000 za dhahabu papo hapo, na zilipokosekana akawakamata wote wawili pamoja na wakuu wao. Kesi haikusikilizwa. Wakafungwa Elmina, kisha Sierra Leone, na mwaka 1900 wakavushwa hadi kisiwa cha Mahé, Shelisheli.

Shelisheli ndiyo iliyokuwa stoo ya Waingereza ya kuwekea viongozi waliowashinda kuwatawala. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, walionaswa pamoja Aprili 1899, walifikishwa huko kupitia Kismayu. Yaa Asantewaa, bibi aliyeongoza vita vya Waashanti vya 1900, akafuata. Sayyid Khalid bin Barghash, yule ambaye vita vyake Unguja havikumaliza hata saa moja, naye alipitishwa huko na St Helena kabla ya kuruhusiwa kumalizia maisha Mombasa. Zaghlul wa Misri alipelekwa 1922. Hata 1956, Askofu Mkuu Makarios wa Cyprus alipelekwa huko huko.

Wengine kisiwa kiliwameza. Mwanga alifariki 1903. Kabalega, aliyepoteza mkono kwa majeraha ya siku ya kukamatwa, alistahimili miaka ishirini na zaidi. Akaachiwa 1923, akafia Jinja kabla ya kuikanyaga Bunyoro.

Prempeh wapo wanaomwona kama mtu aliyelainishwa: alibatizwa Edward, akavaa suti, akawa mtu wa kanisani. Sikubaliani nao. Mtu mzima aliyezoea kusujudiwa aliketi kujifunza herufi, maana waliomfunga walisikia kilichoandikwa kwa Kiingereza tu. Maombi ya kurudishwa kwao yakaandikwa, yakakataliwa, yakaandikwa tena. Mwaka 1907 akaanza kuandikisha historia ya wafalme wa Ashanti, mama yake akiwa miongoni mwa wasimulizi. Watu walionyang'anywa nchi walikuwa wanaiweka kwenye karatasi, ukoo kwa ukoo, wakiwa mbali nayo bahari mbili. Mswada huo ulichapishwa kama kitabu 2003.

Yaa Akyaa alifia Mahé 1917, Yaa Asantewaa 1921. Prempeh alirudi 1924 kama raia wa kawaida, Bwana Edward Prempeh. Ndivyo serikali ilivyotaka aitwe. Umati uliofurika Kumasi haukuja kumpokea raia. Miaka miwili baadaye Waingereza wakamtambua, lakini kama chifu wa Kumasi tu. Alifariki 1931, na kiti cha Asantehene kilikuja kutambuliwa tena 1935, akiwa amekikalia mrithi wake.