Vile Utafanya Barua ya Chama Ijitume Kila Jumatatu, Historia Ikiwa Ndani

Kama ni wewe huandikia chama barua ya kila wiki, wacha kujitesa. Fungua Google Sheets, weka safu nne: siku, mwezi, mwaka, tukio. Usiandike tarehe yote pamoja. Hivyo, 12 Oktoba ikifika mwaka wowote, itajileta yenyewe: Kipchoge, Vienna, 2019, marathoni kwa 1:59:40.

Kisha ingia Apps Script, andika skripti ichague matukio ya siku saba zinazokuja na iyatume kwa imeli. Weka triga ya Jumatatu asubuhi, na ucheki kama saa ni ya Nairobi. Akaunti ya bure hutumia watu 100 tu kwa siku, so wasee wakizidi hapo, wagawe.

Sasa noma iko hapa: mashini haijui uongo. 12 Desemba 1963 tulipata uhuru, 12 Desemba 1964 tukawa jamhuri. Ukichanganya hizo mbili, makosa yatajituma kila mwaka wewe ukiwa umelala. Cheki kila tarehe mara mbili. Wasee wakikushika na moja feki, zingine zote hawataamini.