Kabla hujainyooshea kidole Kagera

Tangu nikiwa mdogo nasikia utani wa vijiweni: mtu akisema kwao ni Kagera, hakosi wa kuchomekea ukimwi. Ndugu msomaji, hebu leo tuupime utani huo kwa takwimu.

Wagonjwa watatu wa kwanza nchini walibainika Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, wakapima watu wazima mkoani humo. Bukoba Mjini walikuta asilimia 24.2 wana virusi. Biharamulo na Ngara? Asilimia 0.4 tu! Mkoa mmoja, hali mbili tofauti kabisa, lakini mtaani ikabaki "Kagera".

Kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Tatizo ni kwamba ukubwa wa maambukizi ulikadiriwa kwa damu ya wachangiaji, baadaye kwa wajawazito wa kliniki chache: damu iliyochukuliwa kupima kaswende ilipimwa pia virusi, bila jina. Njia hiyo ni nafuu na inaonyesha mwelekeo. Lakini wanaume haiwaoni, wala kijiji kilicho mbali na kliniki hizo.

Mpaka 2003-04 ndipo watu wa Bara nzima walipopimwa kaya kwa kaya. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7.0. Mbeya ilikuwa na 13.5. Kagera, ambako maambukizi yalishaanza kushuka, 3.7! Kidole chetu kilikuwa bado kinaelekea Ziwa Victoria wakati Nyanda za Juu Kusini zinaungua.

Hilo ndilo funzo ninaloliona. Kagera ilibandikwa jina kwa sababu ilitangulia kuugua na ilitangulia kupimwa. Asiyepimwa huonekana mzima, na msaada humpita.

Sasa tuulizane. Tafiti za kitaifa za 2016-17 na 2022-23 zilitegemea sana fedha za Marekani kupitia PEPFAR. Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada mingi ya afya duniani. Dawa zikipungua tutapiga kelele, maana foleni zitaonekana. Takwimu zikikatika hakuna foleni. Kuna ukimya tu, nasi waandishi tutaendelea kunukuu asilimia za zamani.

Kwa maoni yangu, kazi ya kuhesabu watu wetu iingie kwenye bajeti yetu wenyewe. Wewe unasemaje?