Pikapu Kuukuu ya Walukuba

Mtaa wa Walukuba, Jinja, ulijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi, zama zile zile za bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Makabila mengi yalikutana hapo, na Kiswahili kikawaunganisha.

Marehemu baba yetu alituachia pikapu aina ya Peugeot 404, iliyokuwa ikibeba mahindi kutoka shambani. Waasia walipofukuzwa mwaka 1972 vipuri viliadimika, mafundi wakachonga vya kwao. Tulipoifufua, fundi mzee, Msoga mwenzetu, hakutusemesha Kisoga: “Mwalimu, shika spana, legeza nati.” Wengi walitushauri tuiuze kama chuma chakavu. Tungaliiuza, tungalipoteza kumbukumbu ya kazi, pamoja na Kiswahili kilichoiendesha kazi hiyo.