Kifua kikuu sugu: Anayeishi na mgonjwa asingoje kukohoa

MTU anapogunduliwa kuwa na kifua kikuu kisichosikia dawa, macho ya wengi humwelekea yeye pekee. Ilhali siku iyo hiyo wanafaa kufikiriwa pia waliolala naye chumba kimoja, hasa watoto.

Kifua kikuu huitwa sugu kinaposhinda rifampisini na isoniazidi, dawa mbili ambazo ndizo nguzo ya matibabu ya kawaida. Si lazima mtu awe amekatiza dozi. Aweza kuambukizwa bakteria ambao tayari ni sugu kupitia hewa.

Aliyeambukizwa huenda asiugue mara moja. Bakteria huweza kujificha mwilini, na wengi wa wanaougua baadaye huugua katika miaka miwili ya kwanza. Kipimo cha ngozi huonyesha tu kwamba huenda mtu ameambukizwa. Hakielezi iwapo bakteria hao ni sugu.

Hivyo basi, ukifika hospitalini, mweleze mhudumu kwamba umeishi na mgonjwa wa aina hii. Asipojua, huenda ukaanzishiwa dawa za kawaida huku mapafu yakizidi kuharibika.

Mwenye kikohozi, homa, jasho la usiku au anayepungua uzani apimwe makohozi kwa mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka wa 2010. Kwa muda wa saa mbili hivi, hugundua bakteria na kuonyesha kama wanashinda rifampisini. Kuotesha bakteria katika maabara huchukua majuma kadhaa. Mtoto asiyeweza kutoa makohozi aweza kupimwa choo. Asiye na dalili naye achunguzwe, ikiwemo kupigwa picha ya kifua.

Asiyepatikana na ugonjwa sasa ana kinga. Baada ya utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Vietnam, WHO ilipendekeza mwaka wa 2024 kwamba waliokaribiana na mgonjwa wapewe levofloksasini kila siku kwa miezi sita. Matokeo ya tafiti hizo mbili kwa pamoja yalionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza hatari ya kuugua kwa takriban asilimia 60.

Hata hivyo, isitumiwe kabla ya daktari kuhakikisha mtu haugui tayari, kwani dawa moja pekee huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu zaidi.

Matokeo mema ya leo si hakikisho la kesho. Dalili zikijitokeza baadaye, rudi upimwe upya.