Mfongo na Mfereji: Maji ya Njukini

Njukini iko chini ya Kilimanjaro, na maji ya mlima huo hayakuujali mpaka wa mwaka 1886: Mto Lumi huteremka kutoka Mawenzi, ukapita Taveta hata Ziwa Jipe. Huko mlimani Wachaga walichimba mifongo, wakayavusha maji makorongoni kwa magogo yaliyochongwa ndani. Hayakuzungusha mawe ya kusagia. Yalinywesha migomba na ulezi. Twazoea kufasiri mfongo kuwa “mfereji”, neno ambalo kwa Wakenya wengi ni bomba tu. Lakini mfongo ulikuwa pia haki ya ukoo uliouchimba, zamu ya wenye mashamba, na faini ya asiyefika kuuzibua. Kamusi zetu hazina budi kuzitaja maana hizo.